Na Wengine Wote Nisioweza Kuwataja

Ndugu msomaji, kama nawe ni mwenzetu, yaani mmoja wa wale wanaoficha daftari la riwaya chini ya godoro, nakuomba ukiri jambo moja bila aibu. Ukurasa wa Shukrani umekwisha kuuandika, sivyo? Riwaya yenyewe haijafika sura ya tatu, mhusika mkuu hajajulikana kama ataoa au atakufa, lakini ukurasa wa shukrani upo tayari, umepigiwa mstari kwa rula, na mwandiko wake ndio mzuri kuliko wote humo ndani. Mimi wangu niliuandika nikiwa kidato cha tatu hapa Sumbawanga, na uliishia kama zinavyoishia zote: na wengine wote ambao siwezi kuwataja kwa majina. Wakati ule sikuwa na mtu wa kumshukuru zaidi ya mama yangu na mwalimu wa Kiswahili. Hao wengine wote hawakuwepo. Niliwaweka tu kwa sababu ukurasa usio nao huonekana umepungukiwa, kama barua isiyo na wasalaam.

Leo nataka kuisemea sentensi hiyo. Niliitumia mara ya pili nikiwa mtu mzima, na safari hii walikuwepo.

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya wastani, yaani yale ya kutompeleka mtu popote. Mjini kwetu kijana wa namna hiyo huambiwa ajitolee. Neno hili limekuwa na mambo! Wapo walimu wenye vyeti vyao kamili wanaofundisha shule za msingi kwa kujitolea, na maana yake halisi ni kwamba wanangoja ajira huku wakila kwa mama zao. Nami nikajitolea kwenye darasa la watoto wadogo, nikiwaimbisha herufi, nikirudi nyumbani mchana kula ugali ambao sikuuchangia. Huko ndiko nilikosikia habari za kwenda kujitolea Ujerumani.

Nieleze kidogo, maana wengi hudhani nilizamia. Serikali ya Ujerumani ina mpango unaoitwa weltwärts, ulioanza mwaka 2008. Kwanza ulikuwa wa kuwapeleka vijana wao nchi za kusini, na wewe umewahi kuwaona, wamefunga vitenge na kupanda bodaboda kwa furaha. Mwaka 2013 mlango ukafunguliwa na upande wa pili, vijana wa kusini nao wakaanza kwenda kule kwa mwaka mmoja. Wengi huingizwa kwenye utumishi wa hiari wa taifa lao, ulioanzishwa mwaka 2011 walipositisha kuwalazimisha vijana wao jeshi, maana pamoja na jeshi ulikufa na utumishi ule wa badala yake, nyumba za wazee na hospitali zikabaki zikitafuta mikono. Basi mikono mingine ilitoka huku kwetu Ufipa, kwenye uwanda wa juu wenye baridi, kama meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako mwezi wa saba upepo hukupiga mpaka meno yanaongea yenyewe.

Nauli ya ndege walilipa wao. Bima walilipa wao. Lakini mpaka ufike kwenye ndege kuna ngazi nyingi ambazo hakuna wa kukulipia. Pasipoti peke yake shilingi 150,000. Kisha Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka hapa, si mara moja, kwa ajili ya viza na masomo ya lugha, na kulala, na kula, na kuambiwa kuna karatasi moja imekosekana, rudi wiki ijayo. Mama akafungua daftari.

Daftari la mchango unalijua. Kurasa za katikati, mistari minne kwa kalamu nyekundu: namba, jina, kiasi, saini. Jumuiya yetu ndogo ndogo ikajipanga. Mama jirani, 2,000. Fundi cherehani, 5,000. Mzee wa kona, debe moja la mahindi. Mwingine, jogoo mmoja, na mbele yake mama ameandika "amepokelewa", kana kwamba yule jogoo alikuwa barua ya serikali. Jumla walikuwa watu thelathini na mmoja. Nilipiga picha kurasa zile kwa simu, nikijiambia kwamba siku moja nitawashukuru wote, mmoja mmoja, sitamwacha mtu.

Mjomba hakuandikwa. Yeye ni kaka yake mama, anakaa kijijini, upande wa Laela, kwenye njia ya kwenda Tunduma. Siku moja alikuja na basi la asubuhi, akampa mama bahasha ya kaki, akanywa chai, akaniuliza kama huko niendako kuna ng'ombe, akaondoka na basi la mchana. Mama akaniambia, "Mjomba wako amemaliza iliyobaki." Nilikuwa na miaka ishirini na moja na kichwa kimejaa maneno ya Kijerumani. Sikuuliza imetoka wapi.

Naomba msomaji uyashike maneno hayo matatu ya mwisho, nitayarudia.

Kazi yangu kule ilikuwa katika nyumba ya wazee, mji mdogo wa kaskazini. Sitasimulia mengi ya majuu, kuna watu wanasimulia vizuri kuliko mimi na hawajafika hata Makambako. Nitasema moja tu. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye akili yake ilikuwa imeanza kumwacha, na mimi ndiye niliyemlisha uji asubuhi. Kila kijiko aliniambia Danke. Vijiko ishirini, Danke ishirini, na kila moja aliisema kwa moyo, akinitazama usoni. Nikitoka kwenda kuchukua chai na kurudi, ananiuliza mimi ni nani.

Mwanzoni ilinifurahisha, baadaye ikanichanganya. Kwetu asante ipo, watoto hufundishwa kupokea kwa mikono miwili, na bibi yangu mzaa mama alikuwa akipewa kitu huchuchumaa kwanza na kupiga makofi taratibu kabla hajakigusa. Lakini hatuitii asante katika kila kitu kama chumvi. Wao wanashukuru kwa kufunguliwa mlango, kwa kupewa chenji yao wenyewe, kwa kuambiwa saa. Nami nikazoea. Mwisho wa mwaka nilikuwa naishukuru hata mashine ya kuuzia tiketi.

Basi ikafika siku ya kuaga, nikatakiwa kusoma risala. Nikaiandika kwa Kijerumani kwa msaada wa mwenzangu, halafu nikaiandika upya kwa Kiswahili, ndefu zaidi, kwa ajili ya nyumbani. Ee bwana, niliandika! Huu ulikuwa ukurasa wangu wa kwanza wa Shukrani wenye watu wa kweli ndani yake. Nikashukuru familia iliyonipokea, wauguzi, mpishi, dereva wa basi la namba fulani. Nikafungua picha za daftari nikawataja wote thelathini na mmoja, na yule wa jogoo nikamtaja pamoja na jogoo wake. Nikamshukuru mama. Kisha, kwa kuwa sentensi inajua yenyewe pa kwenda, nikamalizia: na ndugu, jamaa na marafiki wengine wote nisioweza kuwataja kwa majina, Mungu awabariki.

Nikaituma kwenye kundi la ukoo kwenye WhatsApp. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, akapewa kazi ya kuisoma mbele ya jumuiya, nyumbani kwa mama.

Nilirudi mwezi wa nane. Kutoka Mbeya mpaka Tunduma nilikuwa nasinzia, lakini tulipoanza kuupanda uwanda wetu niliamka. Nyasi zimekauka rangi ya dhahabu, miti ya kuhesabika, anga kubwa kuliko mahali pengine pote nilipopaona. Nikalia kidogo, kisichana, dirishani. Nyumbani palikuwa na pilau. Watu walinishika mikono, na kila aliyetajwa alinikumbusha jinsi alivyotajwa. Mwenye jogoo alikuwa amekariri sentensi yake.

Siku ya tatu nikaenda kijijini kumwamkia mjomba. Nilikuwa na zawadi, koti zito la mtumba wa kule na saa ya mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Umenenepa. Wanakula vizuri."

"Barua yangu mliipata?"

"Nilikuja mjini kuisikia. Umeiandika vizuri sana. Maneno yamepangika."

Akavaa koti, akafunga vifungo vyote ingawa jua lilikuwa linawaka, akaenda zizini. Chini ya mapaa ya ghala palikuwa pamening'inia nira, ile ya ng'ombe wawili, imekauka na kupasuka upande mmoja. Nikamuuliza binamu mbona nira imepasuka. Akanitazama kama mtu anayepima kama unatania.

Mjomba alikuwa na maksai wawili wa kulimia, waliozoeana miaka mingi. Mmoja ndiye aliyekuwa ndani ya ile bahasha ya kaki. Mvua zilipoanza, mwezi wa kumi na moja, mimi nikiwa najifunza kutandika vitanda vya wazee, mjomba alimfunga yule aliyebaki pamoja na dume changa lisilojua kazi. Dume likavuta kwake, maksai akavuta kwake, nira ikapasuka, plau likalala. Jirani akamwazima ng'ombe kwa siku chache tu, maana naye ana shamba. Sehemu iliyobaki wakaikamata kwa jembe la mkono, wakarudi kwenye matuta ya kufukia majani, yale ya zamani ambayo wazee wa Kifipa huyaita intumba. Watu husema ni kilimo kizuri, kinarutubisha ardhi. Ndiyo, ukiwa na migongo ya kutosha. Mjomba alikuwa na wake na wa mkewe.

Hayo yote sikuambiwa. Nilitumiwa picha za sikukuu.

"Na siku ya kusoma barua?" nikamuuliza binamu.

"Alikaa mbele. Nilipofika kwenye majina alikuwa anatingisha kichwa kila jina. Nilipomaliza akasema anawahi basi."

"Basi la saa ngapi?"

"Lilikuwa bado saa nzima na nusu."

Sasa, ndugu msomaji, hapa ndipo penye swali langu, na mimi si mwanafalsafa, ni mtu wa kidato cha nne anayependa kusoma. Je, nilikosa? Na kama nilikosa, kosa lenyewe ni lipi?

Mama anasema sikukosa. Alishangaa hata nilivyouliza. "Mjomba wako umshukuru, kwani ni mgeni?" Kwa mama, shukrani ya majina ni ya watu wa daftari. Yule wa 2,000 anatajwa kwa sababu angeweza kutotoa. Mjomba hakuwa na namna ya kutotoa, huyo ni damu. Ukimsimamisha mbele za watu na kumsomea asante umemtoa ndani ukamweka barazani. Hoja hii ina uzito, na wazee wengi watasimama nayo. Angalia jinsi tunavyoagana: mgeni tunamsindikiza kwa maneno mengi, mtoto wa nyumbani anaambiwa tu "haya". Niliwahi kuona jambo hilo kwa upande wa pili. Nchi yetu imepokea watu wa kujitolea tangu zamani, Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea vijana wa Peace Corps wa Marekani mwaka 1961, na nikiwa shuleni tulikuwa na mwalimu mmoja mgeni wa namna hiyo. Siku anaondoka alimshukuru kila mtu kwa jina, mpaka mpishi, mpaka mlinzi, mpaka mama muuza maandazi. Watu walilia. Mpishi alisema hajawahi kuitwa jina lake na mwalimu mkuu tangu aajiriwe. Mgeni anaona kila kitu kimetolewa, kwa sababu anajua hakuna alichoacha pale. Sisi wenyeji tunadhani uji umejipika.

Lakini hoja ya mama haimfikii yule mzee aliyewahi basi la saa nzima na nusu baadaye. Kama kutajwa kungemfanya mgeni, mbona kutotajwa kulimtoa nje?

Tunayo methali, tenda wema nenda zako. Nimeisikia ikitumiwa na wengi, hasa na wasiotaka kushukuru. Huisema kana kwamba methali inampa ruhusa mpokeaji: yeye katenda wema, basi aende zake! Ukiisikiliza vizuri, methali inazungumza na mtendaji peke yake. Mpokeaji hajaambiwa neno. Zamani sana huko Roma palikuwa na mtu anaitwa Seneca, aliandika vitabu saba vizima juu ya kutoa na kupokea fadhila, nami nilimsoma vipande vipande kwenye simu usiku wa zamu. Anasema kuna sheria kati ya watu wawili hawa: aliyetoa asahau mara moja, aliyepokea asisahau kamwe. Nilipoisoma niliruka kitandani, nikaona methali yetu imepata nusu yake ya pili. Mjomba alitenda wema akaenda zake, kwa basi la mchana, bila hata kumaliza chai. Nusu yake aliitimiza. Yangu?

Utaniambia, lakini hukujua. Hukujua habari za maksai, sasa utasahauje usichokijua? Na mimi kwa wiki nyingi nilijificha humo. Ni mahali pazuri pa kujificha, pana kivuli. Kosa la kutojua si kosa, hata mahakama... Hapana, hata mahakama haikubali hivyo, muulize aliyewahi kukamatwa na trafiki.

Ukweli ni kwamba nilijua vya kutosha. Nilijua mjomba hana mshahara. Nilijua hana duka. Nilijua kwamba katika nyumba ile hakuna kitu kinachoweza kugeuka bahasha ya kaki isipokuwa chenye miguu minne. Mtoto wa darasa la pili angepiga hesabu hiyo. Sikuuliza imetoka wapi, na sikuuliza kwa sababu jibu lingenikalisha chini. Ningeambiwa ni maksai, ningefanya nini? Kama ningekuwa na utu ningesema basi, sisafiri, mrudishie. Na mimi nilitaka kusafiri. Kutokujua kwangu kulikuwa ndio nauli yangu ya mwisho, nami niliilipa kimyakimya nikapanda ndege.

Kwa hiyo nimefika mahali pa kuamini kwamba utovu wa shukrani hauanzi siku ya kuandika risala. Unaanza siku ya kupokea, pale unapofumba jicho usione mkono unaokupa umepungukiwa nini. Risala inakuja kutangaza tu. Ndiyo maana sentensi ile ya wengine wote ni ya hatari, hasa kwetu sisi wa kalamu. Inaonekana ya unyenyekevu, kama vile wema niliotendewa ni mwingi mno kuliko ukurasa. Mara nyingi ni kapu la kutupia wale ambao ukiwataja itakubidi ueleze.

Kisha lipo lenyewe neno kujitolea, nalo linanisumbua. Ukilivunja, ni kutoa nafsi yako. Mimi nimejitoa! Nilipokuwa kule niliitwa hivyo mwaka mzima, mtu wa kujitolea, na wazungu walinishukuru hivyo, na nilijiona hivyo. Kumbe kabla sijajitoa nilikuwa nimetolewa. Kuna watu thelathini na mmoja na mmoja. Ivan Illich, padri aliyeishi Mexico, mwaka 1968 aliwaambia wanafunzi wa Kimarekani waliokuja kujitolea kule kwamba waje kutazama, waje kupanda milima na kujifunza, lakini wasije kusaidia. Aliwachapa kwelikweli, nami nilimpigia makofi nikisema hawa ndio wale wa vitenge. Halafu nikafikiri, je, mimi nilisaidia? Yule bibi alikula uji, hilo ni kweli, na angeweza kulishwa na mwingine. Aliyelima kwa mkono ili bibi wa Kijerumani alishwe na Mfipa yuko kijijini, na katika karatasi zote za ule mpango hakuna kisanduku cha kumjaza.

Babu yangu, baba yake huyu mjomba, naye alikwenda mbali ujanani, lakini yeye hakujitolea. Alikwenda Tanga kukata mkonge, manamba, kama walivyokwenda wanaume wengi wa Ufipa enzi za Mwingereza kutafuta pesa ya kodi. Bibi alikuwa akisimulia kwamba aliporudi alikuwa na blanketi moja jipya. Watoto walikuwa wanatetemeka, na baridi yetu mnaijua. Akalichukua akampelekea mdogo wake ambaye misimu yote ile alikuwa akimlimia bibi. Hakusema kitu, alilitandika tu kitandani kwake akatoka. Bibi alikasirika miaka mingi kwa sababu ya blanketi lile. Lakini kila aliposimulia, alisimulia mpaka mwisho.

Hadithi hiyo ndiyo iliyonipa wazo, na wazo lenyewe lilikuwa baya. Nilikuwa nimeweka akiba katika posho yangu, kama yuro 400. Nikazibadilisha Mbeya, nikatia kwenye bahasha ya kaki, makusudi ya kaki, maana sisi waandishi tunapenda mambo yafanane. Nikaenda kijijini.

Mjomba akafungua, akaona noti, akafunga.

"Hizi za nini?"

"Za maksai, mjomba."

Akanyamaza muda. Akazungusha ile saa ya mkononi, ambayo ilikuwa imesimama siku ya pili tu baada ya kuvaliwa.

"Maksai sikukuuzia wewe," akasema. "Nilimuuzia Msukuma mmoja mnadani. Tulishamalizana."

Akanirudishia bahasha na kuuliza habari za yule bibi, maana nilikuwa nimemtaja kwenye barua. Alitaka kujua sasa nani anamlisha. Nikasema labda kijana mwingine wa kujitolea. Kutoka wapi? Sijui. Akasikitika kwamba sijui.

Nimeifikiri sana ile "tulishamalizana". Kwa mnunuzi, ndiyo, mtu humalizana. Nilichotaka kufanya mimi ni kuwa mnunuzi wa pili wa ng'ombe yuleyule, mwaka mmoja baadaye, nimalizane na mjomba wangu, nipumue. Hata ile risala ndefu, nikiitazama leo, ina harufu ya kumalizana: jina, kiasi, saini, zamu ya anayefuata. Sisemi tusitaje majina. Binamu anadhani ningemtaja mjomba pale pale siku ile, mzee angelala usingizi mzuri, na huenda anasema kweli. Nadhani hata sasa ningemtaja. Lakini ningemtaja kama shahidi anavyotaja alichokiona, na shahidi hulazimika kwanza kuuliza na kutazama.

Bahasha ninayo bado. Nisiwe mnafiki, nimeikopa mara mbili.

Mvua za mwaka huo zilipoanza nilichukua basi nikashuka Laela, nikatembea. Mjomba alikuwa amechonga nira mpya. Lile dume lilikuwa limekuwa maksai kamili wa umbo lakini si wa akili, na lilihitaji mtu wa kutembea mbele, kulishika kamba ya puani, liufuate mstari. Kazi hiyo ni ya watoto wa miaka kumi. Nilipewa mimi, mwenye cheti cha Ujerumani chenye mhuri. Matope yalinifika magotini. Kila hatua kumi niligeuka nyuma kuona kama plau linakata vizuri, na kila nikigeuka ng'ombe naye aligeuka.

"Mbele!" mjomba alipiga kelele. "Unatafuta nini huku? Angalia mbele!"

Tulipofika mwisho wa shamba mstari wetu wa kwanza ulikuwa umepinda kama mkia wa mbwa. Mjomba akausimamia, amevaa koti lake limefungwa vifungo vyote, akautazama kutoka mwisho hadi mwanzo, akaniita majina kadhaa ambayo mhariri hawezi kuyachapa. Kisha tukageuza ng'ombe.